Hamna Kitu, Bibi

Karibu kila nyumba yenye mzee imewahi kusema maneno haya matatu: "Hamna kitu, bibi." Watu wamekaa uani jioni, stori zinaendelea, mmoja anatupia neno na wote wanaangua kicheko. Bibi amekiona kicheko lakini neno hakulipata. Anauliza, "Mnacheka nini?" Anajibiwa kwa upole kabisa, "Hamna kitu, bibi." Kisha stori inaendelea.

Swali langu leo ni dogo. Je, huo ni uongo? Na kama ni uongo, ni wa kusamehewa au wa kuogopwa? Nalileta hapa kwa wapenda vitabu kwa sababu naona ni swali la lugha kabla halijawa swali la hospitali. Na nitalifuatilia Morogoro, mjini na kwenye milima ya Uluguru iliyosimama juu ya mji, kwa sababu huko mtu mzima akikosa neno anaweza kukosa zaidi ya utani. Kwa desturi ya Waluguru ukoo huhesabiwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo imefuata njia hiyo. Mwanamke mzee si mgeni kwenye kikao cha shamba. Mara nyingi ni kwake shamba linakopitia.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kiswahili kimeipa "kusikia" kazi nyingi mno. Tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu. Mtoto mtundu tunasema hasikii, wala hatumaanishi apelekwe kwa daktari wa masikio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapo pia anayezungumziwa ana masikio mazima. Yaani tangu utotoni tumelelewa tukijua kwamba kutosikia ni ukaidi. Sasa mtu yuleyule aliyekuwa akituambia hatusikii anafika miaka 75, na sisi tunaanza kusema, "Mzee hasikii." Neno ni lilelile, na harufu ya lawama imebaki ndani yake. Asiyeona tunamshika mkono. Asiyesikia tunampandishia sauti, na sauti ikishapanda inakuwa ugomvi hata kama maneno yenyewe ni "karibu chakula".

Kinachotokea sikioni ni hiki. Ndani kabisa kuna chembe zenye vinyweleo vidogo sana zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye neva. Zikifa haziotei tena. Uzee ukija, zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, za juu. Irabu zetu ni nzito na zina nguvu, kwa hiyo zinabaki. Konsonanti kama s, f, sh, t na k ni pumzi tu, na hizo ndizo zinazopotea mwanzo. Ndiyo maana wazee wengi husema, "Nakusikia, ila sielewi unasema nini." Wanasema kweli tupu. Sauti imefika, neno halijafika.

Kwa Kiswahili jambo hili lina hatari yake ya pekee, maana maana zetu nyingi zimebebwa na silabi ndogo. Paka, taka, saka, kata, pasa: kwa sikio lililochoka yote yanaweza kuwa a-a. Hilo unaweza kulicheka. Lakini linganisha "shamba litauzwa" na "shamba halitauzwa". Kinachotenganisha ndiyo na hapana hapo ni "ha", na hiyo h ni pumzi nyepesi inayomezwa hata na upepo wa mlimani. Linganisha "nitakubali" na "sitakubali". Mkataa wa Kiswahili umekaa mahali palepale ambapo sikio la mzee limetoboka.

Kupayuka hakusaidii sana. Tukipayuka tunazikuza irabu, ambazo tayari anazipata, na konsonanti zinabaki nyuma. Tena sikio la uzee lina tabia ya ajabu: sauti ndogo halisikii, sauti kubwa linaumia. Ndiyo maana ukipiga kelele ili uwe mwema, unaambiwa, "Mbona unanigombeza?" Kinachosaidia ni kukaa mbele yake, kwenye mwanga, na kusema taratibu, kwa sababu mtu anayepoteza masikio anasikia kwa macho pia. Anasoma midomo hata kama hajui kwamba anasoma.

Hapo ndipo macho na masikio yanapokutana. Lenzi ya jicho ikiingia ukungu wa mtoto wa jicho, bibi hapotezi tu ukingo wa njia kwenye mteremko. Anapoteza pia midomo ya wajukuu wake. Jioni mwanga ukififia, uziwi unaongezeka ilhali sikio halijabadilika. Nyumbani wanasema, "Mchana anasikia vizuri, usiku anajifanya."

Tuhuma hiyo ya kujifanya ndiyo inayonichoma zaidi. "Anasikia anachotaka." Ushahidi hutolewa hivi: mzee aliyekuwa kijana wakati Morogoro Jazz inatamba anakaa na redio, wimbo wa Mbaraka Mwinshehe unapigwa, anaufuata neno kwa neno na kichwa kinacheza. Baada ya hapo inasomwa taarifa ya habari, na hajui hata ni mkoa gani umetajwa. Wajukuu wanatazamana. Lakini wimbo ule mzee hausikii kwa sikio peke yake. Mbaraka alifariki Januari 1979, na nyimbo zake zimekaa kichwani mwa mzee miaka yote hiyo. Sikio linaleta kipande, kumbukumbu inajazia kilichobaki. Habari mpya haina wa kuijazia. Kwa hiyo uziwi wa uzee unamfungia mtu kwenye mambo ya zamani, kisha sisi tunamlaumu kwamba anasimulia ya zamani tu.

Fasihi nayo haina mikono safi. Kipofu tumempa kiti cha heshima tangu Homer. John Milton alitunga Paradise Lost macho yakiwa yamekwisha. Jorge Luis Borges alikabidhiwa uongozi wa Maktaba ya Taifa ya Argentina mwaka 1955, wakati ambao hakuweza tena kusoma vitabu vilivyomzunguka, na dunia haikuchoka kusimulia kejeli hiyo. Kipofu kwenye vitabu huona yasiyoonekana. Kiziwi kwenye vitabu na vichekesho hufanya nini? Anasikia vibaya, watu wanacheka. Unamwambia "mchele", anakuletea "mshale". Mwandishi Mwingereza David Lodge, ambaye masikio yake mwenyewe yalidhoofika, aliijenga riwaya yake Deaf Sentence ya mwaka 2008 juu ya tofauti hiyo: upofu huonekana msiba, uziwi huonekana mzaha.

Nadhani sababu ni kwamba kipofu bado anatupa. Anatunga, anaimba, anasimulia, anabashiri. Kiziwi anahitaji kupewa. Na sisi, pamoja na sifa zetu zote kwa wazee, tumewapenda zaidi kama watoaji. Tunasema wazee ni hazina. Jungu kuu halikosi ukoko. Sikiliza vizuri mifano hiyo. Hazina ni kitu cha kuchotwa, na ukoko ni kitu cha kukwangua. Hakuna mtu anayeisimulia hazina habari za leo. Tunakwenda kwa babu na simu tunamrekodi hadithi za mizimu ya Kolelo, tunashukuru, tunashuka mlima. Ni kazi njema, isifiwe. Lakini ni wangapi kati yetu, baada ya kurekodi, huketi tena robo saa kumwambia nani kaoa mjini, soko jipya la Chifu Kingalu likoje siku hizi, mtoto wa fulani kafaulu au kafeli? Penye wazee hapaharibiki neno, sawa. Ila neno lenyewe sharti liwafikie kwanza.

Sasa tumtendee haki huyo anayesema "hamna kitu". Mara nyingi si mkatili. Mara nyingi ni binti au mjukuu wa kike ambaye tangu alfajiri ameshateka maji, ameshaosha vyombo, ana mtoto mgongoni na ugali motoni. Utani ukirudiwa mara ya nne kwa sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, si utani tena. Wote wananyamaza wakisubiri bibi aupate, bibi anaupata, anatabasamu kwa heshima, na kila mtu anajua umekufa njiani. Kuna uchovu wa kweli hapo. Anayeandika makala kama hii akiwa amekaa kwenye kiti hana haki ya kuudharau.

Tena wajibu huu ukikosa mpaka unaweza kugeuka dhuluma. Rudi kwa Milton. Mpwa wake Edward Phillips, aliyeandika habari za maisha yake, anaeleza kwamba Milton aliwafundisha binti zake kutamka lugha kadhaa ili wamsomee vitabu, bila kuwafundisha maana. Walisoma kwa sauti kurasa kwa kurasa wasizozielewa, na hatimaye wakachoka wakaasi. Baba alikuwa anapewa neno, lakini anayetoa alikuwa amegeuzwa chombo. Borges alikuwa na namna nyingine. Miaka ya 1960 kijana wa miaka 16 aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la vitabu, Alberto Manguel, alikuwa akienda kwake jioni kumsomea. Borges alikatiza, akauliza, akabishana na sentensi, na kijana akaondoka na kitu chake. Manguel alikuja kuwa mwandishi, na mwaka 2016 akapewa kiti kilekile cha maktaba. Tofauti ya nyumba hizo mbili haiko kwenye macho ya wazee wale. Nyumba moja maneno yalikwenda upande mmoja, nyingine yalikwenda na kurudi.

Basi mtu atasema: tukubaliane. Utani mdogo, mwambie hamna kitu. Jambo zito, mrudie mpaka aelewe. Ni pendekezo la busara na ndilo wengi wetu tunaloishi nalo. Lakini linaficha swali moja: nani anaamua lipi ni dogo?

Chukua kikao cha familia pale chini ya mlima, ambako mji wa Morogoro unapanda na viwanja vinatafutwa. Vijana wamekubaliana sehemu ya shamba iuzwe. Bibi yupo, amewekewa kigoda mahali pa heshima, nyuma kidogo kwa sababu mbele kuna jua. Watu wanaongea kwa kupokezana haraka, wawili wawili, wengine kwa Kiluguru, wengine kwa Kiswahili cha mjini. Bibi anauliza, "Wanasemaje?" Aliye karibu anamwinamia: "Wanajadili tu, bibi, nitakwambia." Mwishoni kinaletwa kidau cha wino, dole gumba linashikwa, linabonyezwa. Kwenye karatasi kila kitu kiko sawa. Mashahidi wapo, jina lipo, alama ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume kwenye ardhi ya kijiji, na hakuna aliyeigusa haki hiyo waziwazi. Bibi alikuwepo. Ila kuwepo kwake kulikuwa kama kuwepo kwa muhuri.

Utasema hiyo ni hila, haihusiani na utani wa uani. Mimi nasema vinahusiana sana. Mtu hajui wa kumwamini kwenye kikao kwa sababu ya yale yanayosemwa kikaoni. Anajua kwa sababu ya soga za miaka: nani ana madeni, nani kagombana na mkewe, nani juzi alionekana na dalali. Huo udaku tunaouita si kitu ndio unaomfundisha mtu kusoma nyuso. Ukimnyima bibi madogo kwa miaka mitano kisha ukamrudia mara nne lile kubwa moja, umemletea sentensi isiyo na kitabu. Atakubali kwa sababu hana cha kukatalia.

Mjini mambo yana sura nyingine. Mzee ametumiwa hela kwenye simu. Maandishi ya meseji hayaoni, kwa hiyo anamkabidhi wakala simu yake. Wakala anamuuliza namba ya siri kwa sauti ndogo, kwa heshima. Mzee hasikii. Wakala anapandisha sauti, na mzee naye anajibu kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Namba ya siri imekuwa tangazo, foleni nzima imeipata. Macho yakiwa mazima angebonyeza mwenyewe. Masikio yakiwa mazima angenong'ona. Vyote viwili vikipungua pamoja, siri ya mzee imebaki mikononi mwa wema wa watu anaokutana nao siku hiyo.

Na tusidanganyane kwamba masikio mazima ndiyo yanayosikia. Uluguru inakumbuka hilo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milimani kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Watu walieleza kwamba kazi ni kubwa mno na kwamba udongo wao haukubali namna hiyo. Wakubwa walikuwa na masikio ya kijana, hawakusikia. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. Waliokuwa watoto wakati huo sasa wamepita miaka 75. Wengine ndio hawa tunaowaambia hamna kitu. Walikua wakiona wazazi wao wanasema na hawasikiki, na sasa wanamaliza safari wakiwa upande wa pili, yanasemwa na hayawafikii. Katika hali zote mbili aliyeamua lipi ni neno na lipi ni kelele alikuwa mtu mwingine.

"Hamna kitu" ina ndugu yake, na huyo anaitwa "ni uzee tu". Ni kweli kwamba uzee haukwepeki. Kuanzia miaka 40 hivi mtu huanza kusogeza gazeti mbali, na chembe za sikio zilizokufa haziamshwi na dawa yoyote. Presha ya macho nayo ikishakula sehemu ya kuona hairudishi, ndiyo maana inatakiwa kuwahiwa. Lakini mtoto wa jicho hutolewa kwa operesheni fupi na lenzi ya bandia ikawekwa; hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imejulikana kwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Miwani ya kusomea ni kitu kidogo. Wakati mwingine anayedhaniwa kiziwi ana nta tu iliyoziba. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo, ingawa bei yake, betri zake na mtaalamu wa kuvirekebisha bado viko mbali na mtu wa mlimani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwa angalau bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Ripoti yake ya mwaka 2021 ikasema zaidi ya watu bilioni 1.5 wamepungukiwa usikivu kwa kiwango fulani. Nao wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet mwaka 2020 waliuweka upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo 12 yanayochangia ugonjwa wa kusahau na yanayoweza kushughulikiwa. Sasa mwenye kusema "ni uzee tu" kabla ya kumshusha mzee kliniki amefanya kilekile: amefunga mazungumzo mapema, kwa sauti ya upole.

Nirudi kwenye swali. Je, "hamna kitu" ni uongo? Ukipima maneno, ni uongo mwepesi kuliko wote. Huenda utani wenyewe kweli haukuwa kitu. Lakini nadhani tunakosea kuupima kwa mizani ya uongo. Mwongo, pamoja na ubaya wake, anakuogopa kidogo. Anajua ukiupata ukweli utafanya jambo, utakasirika, utakataa, utaondoka, ndiyo maana anahangaika kukutungia. Anayesema "hamna kitu" hahangaiki, kwa sababu haoni kwamba bibi akijua kutabadilika chochote. Si kwamba amemdanganya kuhusu kilichosemwa. Amemweleza kweli yake kuhusu mahali alipomweka. Ndiyo maana wazee hawabishani na jibu hilo. Wananyamaza, na baada ya muda hawaulizi tena. Watu wakasema bibi siku hizi katulia.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba si uongo mkubwa, ni ruhusa ndogo tunayojipa ya kumwondoa mtu kwenye hesabu akiwa bado amekaa. Na dawa yake haihitaji mtakatifu. Yule binti mwenye ugali motoni hana haja ya kurudia utani mara nne kwa kelele. Anaweza kusema, "Bibi, ngoja nimalize, nitakuja kukwambia." Kisha usiku au kesho asubuhi, kwenye mwanga, amkalie mbele amsimulie, na kama utani umekufa amsimulie nani aliyeusema na kwa nini walicheka. Na anayepita njiani akiamkia "Shikamoo bibi" asiishie hapo akisubiri kuitikiwa na macho yasiyomwona. Aongeze, "Mimi ni fulani, mtoto wa fulani," ili marahaba ipate mtu wa kumfikia.

Ukisema "hamna kitu" umefunga hesabu. Ukisema "nitakwambia" umejiwekea deni, na mtu unayemdai au anayekudai bado mko naye. Ila hapo pia kuna mtego, maana hata kwenye kile kikao cha shamba aliambiwa "nitakwambia". Dawa ya deni ni kulipa.